Komedi ya mapenzi: kwa nini hakosekani mzazi mkali wala siri iliyovuja

Februari ikikaribia, majukwaa ya filamu mtandaoni hupanga upya rafu zake na kuweka juu kabisa ile iliyoandikwa "komedi za mapenzi". Ukiifungua unakuta mchanganyiko: harusi ya Lagos yenye vilemba vikubwa kuliko meza, mapenzi ya Seoul yenye mvua na miavuli, filamu ya Kihindi ya saa tatu, na ya Kimarekani ambayo wapenzi wanarushiana maneno tangu dakika ya kwanza. Halafu malalamiko yanaanza kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmoja anasema ameangalia mpaka mwisho na hajacheka hata mara moja, sasa komedi iko wapi? Mwingine anajibu kwamba hawa wanagombana tu, mapenzi yako wapi? Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye ameangalia nyingi kuliko wote, anauliza: mbona kila moja lazima baba akatae na mtu afumaniwe siku ya harusi?

Swali la huyu wa tatu ndilo lenye nyama, na makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Ila hatuwezi kulifikia kabla ya kuwajibu wale wawili wa kwanza.

Si lazima mbavu ziume

Kwa Mtanzania, ukitaja komedi picha inayokuja ni ya marehemu Mzee Majuto. Kwa Mkenya wa umri fulani ni Mzee Ojwang akizozana na Mama Kayai kwenye Vitimbi. Hicho ni kichekesho, na kazi yake ni moja: kuvunja watu mbavu. Kisipochekesha, kimeshindwa.

Kwenye sanaa ya maigizo, komedi ni umbo la hadithi. Mambo yanaharibika, watu wanatengana, kila mmoja anaelewa vibaya, kisha mambo yanatengemaa na wale waliotengana wanarudi kuketi meza moja. Kicheko kinakuwemo njiani, lakini si ndicho kipimo. Basi komedi ya mapenzi ni hadithi inayobeba swali moja, je, hawa wawili watakuwa pamoja, na inakuruhusu kucheka huku ukisubiri jibu.

Hapo inaachana na ndugu zake wawili wanaochanganywa nayo. Filamu ya mapenzi tu inaweza kuisha kwa mauti, na wengi huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Tamthilia ya familia, zile za jioni zenye vipindi zaidi ya mia, hailengi kujibu swali lolote. Kila jibu linazaa ugomvi mwingine ili kesho uwashe tena televisheni. Komedi ya mapenzi inakuahidi kwamba itafunga hesabu ndani ya saa mbili.

Mstari huu ni mwembamba kuliko unavyodhani. Pretty Woman, iliyotoka mwaka 1990 na kuingiza zaidi ya dola milioni 460 duniani, ilianza kama mswada mchungu wa mwandishi J.F. Lawton. Katika mswada ule, tajiri anamkodi kahaba kwa juma moja, na juma likiisha anamtelekeza. Studio ikabadilisha mwisho, ikalainisha njia ya kuufikia, na mkasa ukageuka kuwa filamu ambayo watu waliiangalia wakiwa na wachumba wao. Wahusika ni wale wale na kazi zao ni zile zile. Kilichobadilika ni kama waliotengana wanarudiana au la.

Juma anampenda Asha

Juma anampenda Asha, Asha anampenda Juma, wazee wamefurahi na mahari imelipwa. Hongera zao, lakini hapo hakuna filamu. Hadithi ya mapenzi inaanza pale kinapotokea kizuizi, na ukitaka kuelewa aina hii ya filamu, achana kwanza na wapenzi, umtazame anayewazuia.

Jambo hili ni la kale sana. Mwaka 316 kabla ya Kristo, mjini Athens, mtunzi aitwaye Menandros alishinda shindano la maigizo kwa mchezo uitwao Dyskolos, yaani mzee mkorofi. Alitunga michezo zaidi ya mia moja, lakini huu ndio pekee uliotufikia karibu mzima, na hata huo ulipotea kwa karne nyingi hadi mafunjo yake yalipochapishwa mwaka 1958. Kijana wa mjini mwenye pesa, Sostratos, anampenda binti wa mkulima Knemon, mzee asiyetaka kusalimiwa wala kuazimwa hata sufuria. Siku moja mzee anatumbukia kisimani. Anayeshuka kumwokoa ni mtoto wake wa kambo, ambaye walikuwa hawaivi chungu kimoja. Sostratos anabaki juu ameshika kamba, na baadaye anakiri mwenyewe kwamba nusura aiachie, maana macho yote yalikuwa kwa binti. Mzee anatoka amelowa, kiburi kimeshuka, anamkabidhi yule mtoto wa kambo mamlaka ya kumwoza dada yake. Mchezo unaisha kwa karamu.

Watunzi wa Roma, Plautus na Terence, waliuchukua mpangilio huo na kuufanya mashine. (Terence, kwa mapokeo, alizaliwa Afrika Kaskazini na kupelekwa Roma akiwa mtumwa, kwa hiyo anayesema komedi za mapenzi hazina damu yoyote ya bara hili ana kazi ya kumweleza.) Kijana, binti, baba mkali, na mtumwa mjanja anayepanga njama zote. Badili mavazi, mweke mtumwa mjanja awe rafiki wa bibi harusi mwenye maneno mengi, na una filamu iliyotoka mwaka jana.

Sasa, kwa nini baba? Vizuizi vimejaa duniani: magonjwa, vita, mafuriko, umaskini. Kama mto umefurika kati ya Juma na Asha, mto hauna masikio. Hauwezi kubembelezwa, hauwezi kuona aibu, na hauwezi kualikwa harusini. Baba anaweza. Kizuizi cha komedi kinatakiwa kiwe mtu anayeweza kubadili mawazo, na akishabadili apate kiti chake mezani. Ndiyo maana familia haikosekani. Waandishi wa filamu hawana mapenzi ya ajabu na wazazi. Wanachohitaji ni mpinzani ambaye hatimaye atacheza ngoma na washindi.

Kashfa inatafuta nini humu?

Siri ni jambo ambalo mmoja au wawili wanalijua. Kashfa ni siri hiyo hiyo baada ya kufika kwa watu wenye haki ya kukuhukumu. Kwa hiyo kashfa haihitaji hata kosa la kweli. Inahitaji watazamaji, na baadhi yao wawe ndugu zako.

Hakuna aliyeonyesha hili vizuri kama Shakespeare, kwa kulitumia jambo moja mara mbili. Katika Much Ado About Nothing, mchezo wa mwishoni mwa miaka ya 1590, kijana Claudio anadanganywa kwamba mchumba wake Hero amelala na mwanamume mwingine usiku wa kuamkia ndoa. Hamwiti pembeni kumuuliza. Anasubiri mpaka kanisani, mbele ya baba yake Hero na wageni wote, ndipo anamkana. Baba mtu naye, kwa aibu, anatamani binti afe. Miaka michache baadaye Shakespeare akaandika Othello: mume anadanganywa kwamba mkewe si mwaminifu, ushahidi ni leso, na mke anauawa kitandani.

Uongo ni ule ule, na wivu ni ule ule. Katika Othello ukweli unafika mke akiwa maiti. Katika Much Ado unafika mapema, tena kwa mikono ya askari wa zamu ambao hawajui hata kujieleza, waliomsikia mmoja wa wahusika wa njama akijigamba usiku. Hero, aliyesemekana amekufa, anaibuka hai na harusi inafungwa upya.

Tofauti ya komedi na janga, basi, iko kwenye saa ya kuwasili kwa ukweli. Na hapo unapata jibu la yule wa WhatsApp anayeuliza kwa nini fumanizi lazima liwe harusini. Ni kwa sababu siku hiyo watu wote wenye uwezo wa kuhukumu na kusamehe wako ukumbi mmoja: baba, mama, wakwe, marafiki, majirani, kasisi au shehe, na shangazi asiyeficha jambo. Siri ikilipuka Jumanne ofisini, itabidi mwandishi azunguke nyumba kumi kuomba radhi. Ikilipuka Jumamosi ukumbini, mashtaka, ushahidi, hukumu na msamaha vinamalizika kabla chakula hakijapoa.

Sheria iliyowafunga na kuwafungua

Kuna imani kwamba filamu hizi zilijaa talaka na usaliti kwa sababu Hollywood haikuwa na adabu. Ukweli ni wa kuchekesha zaidi: enzi yake bora ilizaliwa wakati Hollywood ikichungwa kama mwali.

Mwaka 1930 studio za Marekani zilijiwekea masharti ya maadili yaliyokuja kuitwa Kanuni za Hays. Kwa miaka minne yalikuwa karatasi tu. Kuanzia katikati ya mwaka 1934 ofisi mpya chini ya Joseph Breen ikaanza kuyasimamia kwa ukali: filamu bila cheti chake haikuingia kwenye majumba ya studio wanachama, na aliyekaidi alitishiwa faini ya dola 25,000. Heshima ya ndoa ilitakiwa kulindwa. Uzinzi usionyeshwe kama jambo tamu. Masharti hayo yalidumu, yakilegea taratibu, hadi mwaka 1968.

Utatungaje hadithi ya mapenzi yenye moto ndani ya kanuni hizo? Waandishi walipata mlango wa nyuma ambao mimi huuona kama moja ya hila safi kabisa katika historia ya sanaa hii: waliwafanya wapenzi wawe tayari mke na mume. Wameoana, wamekorofishana, wanaachana au wameshaachana, kila mmoja ana mchumba mpya, na filamu nzima ni njia ya kurudiana. Wakitaniana, ni watu waliowahi kuoana. Wakijikuta chumba kimoja, Bwana Breen atasema nini? Mwanafalsafa Stanley Cavell aliandika kitabu kizima kuhusu filamu za namna hiyo mwaka 1981 na kuziita komedi za kuoana tena.

Mfano ninaoupenda ni The Awful Truth ya mwaka 1937, iliyompa Leo McCarey Oscar ya uongozaji. Mume, Cary Grant, anamdanganya mkewe kwamba alikuwa Florida. Anajipaka rangi ya jua kwa taa ya umeme na kumletea kikapu cha machungwa, ila machungwa yenyewe yamegongwa muhuri wa California. Mke, Irene Dunne, naye anarudi nyumbani asubuhi na mwalimu wake wa kuimba, akisema gari liliharibika. Wanakwenda mahakamani, wanagombania mbwa, na hakimu anawapa talaka itakayokamilika baada ya siku 90. Mtu wa Pwani akifika hapo ataguna, maana hiyo ni eda na hii ni talaka rejea. Siku zinahesabika, mlango bado haujafungwa, na kila mmoja anafanya vituko kuharibu uchumba mpya wa mwenzake. Wanarudiana saa ikikaribia kugonga usiku wa manane wa siku ya mwisho.

Ile ya The Philadelphia Story, mwaka 1940, inakusanya vyote vitatu, mapenzi, mzazi na kashfa, ndani ya nyumba moja. Binti tajiri, Katharine Hepburn, anaolewa mara ya pili. Jarida la umbea lina habari za baba yake kuwa na hawara mcheza dansi, na bei ya kuinyamazisha ni kuwaruhusu mwandishi na mpigapicha waingie harusini. Anayewaleta ni mume wake wa zamani. Usiku wa kuamkia harusi bibi harusi analewa na kuogelea na yule mwandishi, bwana harusi anafikiri mabaya, na wageni wakiwa wameshakaa anaolewa na yule yule waliyeachana. Hebu angalia anayetubu ni nani: binti aliyekuwa hamsamehi baba yake anajikuta yeye ndiye anayehitaji kusamehewa. Kashfa ya mzazi na ya mtoto zinakutana asubuhi moja.

Na kabla kidogo ya masharti kukaza, Februari 1934, ilitoka It Happened One Night ya Frank Capra, iliyokuja kuchukua Oscar zote tano kubwa. Humo baba tajiri anapinga ndoa aliyoifunga binti yake kwa siri, binti anatoroka, na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi anasafiri naye kwenye basi. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti. Kijana anakuja kudai dola 39 na senti 60, gharama zake za safari, na si zaidi. Kwa hesabu hiyo ndogo baba anatambua nani anampenda mwanawe. Akimsindikiza binti kwenye harusi anamnong'oneza kwamba gari linasubiri, akimbie. Yule aliyekuwa kizuizi sasa ndiye mpanga njama ya kutoroka.

Baba alipostaafu

Kufikia miaka ya 1980 na 1990, mzazi wa Marekani au Uingereza hakuwa na ubavu wa kumkatalia mtu wa miaka thelathini kuoa. Waandishi wakajikuta na wapenzi wasiozuiwa na mtu, ikabidi kizuizi kihamie ndani ya mioyo ya wenyewe: hofu ya kujifunga, kazi, dau la kijinga alilowekeana na rafiki, au imani kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki. When Harry Met Sally ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron, inawachukua miaka kumi na miwili kutambua kitu ambacho mtazamaji alikijua mapema kabisa.

Baadhi ya filamu hizo ni nzuri sana. Nyingine zina tatizo ambalo baba mkali hakuwahi kuwa nalo: kizuizi kinaonekana cha kutengenezwa. Unakaa unajiuliza kwa nini hawa wasizungumze dakika tano yakaisha.

Waliorudisha familia ni watu wa jamii ambazo familia haikuwahi kuondoka. Mwaka 2002 Nia Vardalos, Mkanada mwenye asili ya Ugiriki, aligeuza mchezo wake wa jukwaani wa mtu mmoja kuwa My Big Fat Greek Wedding. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 5. Iliingiza zaidi ya milioni 360 duniani, na haikuwahi kushika nafasi ya kwanza hata wikiendi moja Marekani. Iliuzwa kwa mdomo: fulani kamwambia fulani, "nenda, utamwona baba yako humo." Mwaka 2018 Crazy Rich Asians ikampeleka mwalimu wa uchumi kutoka New York nyumbani kwa mchumba wake Singapore. Anakutana na mama mkwe aliyechezwa na Michelle Yeoh, na siri ya kuzaliwa kwake inachimbuliwa na mpelelezi na kumwagwa wapi? Kwenye sherehe ya harusi ya watu wengine.

India haikuhitaji kurudishiwa chochote. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, iliyoonyeshwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kwenye jumba la Maratha Mandir mjini Mumbai, ina kijana anayekataa kutorosha binti hata mama mtu anapomsihi watoroke. Anataka baba amkabidhi kwa mkono wake. Nusu ya kwanza ni utani wa safari Ulaya. Nusu ya pili ni kizuizi kimoja, mzee mwenye uso wa jiwe.

Hapa ndipo sisi tunaingia, na si kwa kulazimisha. Mwanahistoria Laura Fair amechunguza jinsi watazamaji wa Zanzibar wa miaka ya 1950 na 1960 walivyozitumia filamu za Kihindi kujadiliana kuhusu mapenzi: kuchaguliwa mume au kuchagua mwenyewe, kumtii mzazi au kuufuata moyo. Lugha hawakuielewa yote, lakini kizuizi walikifahamu kwa sababu kilikuwa nyumbani kwao, kimekaa barazani. Ndivyo ilivyo pia kwa filamu za Nijeria. The Wedding Party ya Kemi Adetiba, mwaka 2016, ilivunja rekodi ya mapato ya sinema nchini humo kwa kupita naira milioni 450. Bibi harusi Myoruba, bwana harusi Mwigbo, mama wawili wanaopimana kwa macho, mpenzi wa zamani aliyejialika, na chupi isiyo ya bibi harusi kwenye begi la bwana harusi. Mkazi wa Tabata au Kisumu haihitaji tafsiri. (Waigizaji wakuu, Adesua Etomi na Banky W, walioana kweli mwaka uliofuata, na kwa bahati yao bila begi.)

Mambo yanayosemwa ambayo hayako hivyo

"Unajua mwisho, sasa unaangalia nini?" Mtu yule yule hukaa Jumapili kuangalia marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayo tangu jana. Anataka kuona bao lilivyofungwa. Na kwa kweli mwisho haujulikani kila mara: Annie Hall, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1977, inaisha wawili wakiwa wameachana, na katika My Best Friend's Wedding ya mwaka 1997 Julia Roberts hampati mwanamume anayemtaka.

"Ni filamu za wanawake." Hiyo ni lugha ya matangazo ya biashara ya miaka ya karibuni. Zile za miaka ya 1930 zilijaza kumbi kwa watu wote, na Oscar hazikugawiwa kwa jinsia ya mtazamaji.

"Zimekufa." Zilihama. Katika miaka ya 2010 studio kubwa ziliacha filamu za bajeti ya kati na kumwaga pesa kwenye mashujaa wanaoruka angani, hivyo komedi za mapenzi zikakimbilia majukwaa ya mtandaoni. Mwishoni mwa 2023 Anyone But You ikarudi kumbini kwa bajeti ya dola milioni 25. Wikiendi ya kwanza ilipata kama milioni 6 tu Marekani, watu wakaizika, halafu ikapanda polepole hadi karibu milioni 220 duniani. Hadithi yake imechotwa, kwa ulegevu kidogo, kutoka Much Ado About Nothing, yaani ule mchezo wa Hero na Claudio.

"Zinafundisha uhuni." Hapa huwa nasita, maana kuna lawama ya kweli iliyojificha nyuma ya lawama isiyo ya kweli. Kuhusu talaka na usaliti, aina hii ni ya kihafidhina kupita kiasi: kila kashfa inaisha kwa ndoa, na kila mwasi anarudi kwa wazazi. Ninachoogopa ni kingine. Ni yule mwanamume anayeambiwa hapana, akaendelea kusimama chini ya dirisha, akafuatilia ratiba, akamvamia mtu uwanja wa ndege, na filamu ikampa muziki mzuri. Mtaani huyo anatolewa taarifa polisi. Nikiangalia na wadogo zangu hapo huwa nasimamisha.

Kwetu inakwama wapi

Bongo Movie haijawahi kukosa mapenzi, familia wala fumanizi. Inachokosa mara nyingi ni ukweli kufika kwa wakati. Mke anafumania dakika ya ishirini, na kuanzia hapo ni adhabu: ugonjwa, ajali, kilio, mahubiri. Hiyo ni njia halali ya kusimulia, na ina watazamaji wake, lakini ni barabara ya Othello. Wakenya wamejaribu upande wa pili; Disconnect ya mwaka 2018 iliwachukua marafiki wa Nairobi na uchumba wao wa mjini na kuuchekea bila kumwua mtu.

Kingine ni mazungumzo. Wasimulizi wa vibanda umiza, kina Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, wamewalea watazamaji wengi kwenye filamu za ngumi na risasi, ambazo picha inabeba hadithi na msimulizi anaongeza chumvi. Komedi ya mapenzi inasimama kwenye kujibizana, na majibizano yaliyoandikwa kwa lugha nyingine hufika yamechoka. Ina maana komedi nzuri za Kiswahili lazima ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na watu wanaojua ugomvi wa wifi na shemeji unavyokwenda.

Tena malighafi ipo mahali ambapo kamera hazikai vya kutosha. Kila mtu anapiga picha harusi. Mimi ningeanzia kwenye kikao cha mahari. Upande mmoja wazee wa binti, upande wa pili ujumbe wa kijana ukiongozwa na mshenga, ambaye ndiye mrithi halisi wa yule mtumwa mjanja wa Plautus: anasema kwa mafumbo, anadanganya kwa adabu, na anajua siri za pande zote mbili. Kuna kifungua mlango kabla hata ya kukaribishwa. Kuna mkaja wa mama na blanketi la bibi. Mjumbe akitaja jina vibaya au akikaa kabla ya kuambiwa, anapigwa faini papo hapo. Na kwenye sherehe za mahari za Wakikuyu kijana huletewa mabinti kadhaa waliofunikwa kanga kuanzia kichwani hadi miguuni, wamesimama mstari mmoja, aonyeshe mchumba wake ni yupi, huku mashangazi wakiwa wameshapanga kiasi atakachotozwa akimshika mkono asiye wake.